Nimekabidhiwa stoo ya kemikali: leja ina mistari 46, rafuni kuna 73. Nisaini?

#1 Kopo Jeupe

Wakuu, habari za majukumu.

Nimehamia shule moja kongwe huku Nyanda za Juu Kusini, nafundisha kemia kidato cha tatu mpaka cha sita. Siku ya pili tu mkuu wa shule kaniita ofisini, kanipa funguo mbili zilizofungwa kwa kamba ya kiatu na leja ya jalada gumu. Kasema mwaka wa fedha unaisha Juni 30, halmashauri inataka hesabu ya stoo, kwa hiyo nikague halafu nisaini fomu ya makabidhiano. Aliyenitangulia alishasaini upande wake, akaenda zake kituo kipya.

Leja ina mistari 46. Nimehesabu rafuni mara mbili, mara ya pili kijana wa kidato cha sita akinisomea majina, tukapata 73. Katika zile 46 za kwenye leja, 9 hazionekani kabisa. Maana yake kuna 36 ambazo hazijawahi kuandikwa popote, na 11 kati ya hizo hazina hata lebo.

Kila kitu kimepangwa kwa alfabeti, A iko mlangoni na Z iko dirishani, unaweza kupiga picha ukaweka kwenye kalenda. Ila leja yenyewe inahesabu makopo. Imeandikwa "Haidroksaidi ya sodiamu, 4". Makopo manne nimeyaona kwa macho. Moja limejaa, mawili yako chini ya nusu, la nne lina kama vijiko viwili vilivyoshikana kuwa jiwe. Leja inasema 4, na kweli ni 4.

Nisaini? Na nisiposaini naanzia wapi?

#2 Kiti cha Nyuma

Ngoja waje wajuzi.

Ila mkuu, saini tu ulale. Aliyekutangulia alisaini, aliyemtangulia alisaini, wewe nani uvunje mila?

#3 Kalamu Nyekundu

Usisaini, tena usimsikilize huyo wa juu. Mimi ukaguzi wa ndani ndiyo kazi inayonilisha.

Ukiweka saini kwenye fomu inayosema umepokea 46, umepokea 46. Zile 9 zisizoonekana zinakuwa zimepotelea mikononi mwako kuanzia tarehe ya saini. Watu wanadhani saini ya makabidhiano ni ya kumaliza kazi, wakati ndipo deni linapohamia.

Unachofanya ni hiki: andika orodha yako mwenyewe ya ulichokikuta, tarehe, saa, na jina la aliyehesabu nawe. Awe mwalimu mwenzako au mhasibu wa shule, mwanafunzi hapana. Zile 9 ziandike "hazikuonekana". Usiandike "zimeibwa" wala "zimetumika", maana hujui. Zile 36 ziandike "zimekutwa nje ya leja". Fomu isaini ikiwa na orodha hiyo imebanwa nyuma yake, na mkuu wa shule agonge mhuri kwenye kila ukurasa. Hapo uko salama, na aliyekutangulia naye hujamtupia kesi.

Leja ya zamani usiikwangue, usiibandike karatasi, usiipake wino mweupe. Mkaguzi akiona wino mweupe kwenye leja hata chai hanywi tena.

#4 Mama Titresheni

Mwalimu pole, na hongera kwa kuuliza kabla ya kusaini. Mimi niko Ruvuma, nilirithi stoo kama hiyo miaka kadhaa iliyopita.

Acha kuhesabu makopo. Pima. Chukua mzani wa maabara, weka kopo zima na kifuniko chake bila kulifungua, andika uzito. Kisha tafuta kopo tupu la aina ileile upime nalo. Kopo tupu la gramu 500 la msambazaji wangu lina gramu 58. Toa, umepata kilichomo, na hujanusa kitu wala kuchota kitu. Za maji kwenye chupa za kioo huwa sihangaiki na mzani, napiga mstari kwa kalamu ya wino usiofutika pale ujazo ulipoishia na tarehe pembeni. Ukirudi baada ya mwezi chupa inakusimulia yenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo vyuo havitufundishi. Kopo moja halilingani na kopo jingine. Chukua darasa la watahiniwa 80, kila mmoja unampa mililita 150 za myeyusho, hizo ni lita 12. Kwa titresheni ya haidroksaidi ya sodiamu ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) unahitaji gramu 4 kwa lita, jumla gramu 48. Kopo la gramu 500 linakupeleka mara kumi. Sasa fanya lile zoezi la kasi ya mmenyuko, la msalaba unaofifia chini ya bika. Thayosalfeti ya sodiamu ya 0.2 M inakula gramu 49.6 kwa lita, mara 12 ni kama gramu 595. Kopo zima limekwisha siku moja na umepungukiwa. Nitreti ya fedha kwa upande wake unatoa matone tu. Mililita 5 kwa kila mtoto ni mililita 400, kwa 0.1 M ni gramu 6.8, na kachupa kake ka gramu 25 kanakaa.

Leja inaandika "1", "1", "1". Mkuu wa shule anaona zote zipo. Novemba inafika, maelekezo ya mtihani wa vitendo yanafunguliwa, thayosalfeti hakuna, na hapo ndipo tunakimbilia shule ya jirani na ndoo.

Kwenye daftari langu kuna safu moja tu niliyoongeza mwenyewe, "inatosha mara ngapi". Hiyo ndiyo ninayomsomea mkuu wa shule wakati wa bajeti. Ukimwambia gramu hakusikii. Ukimwambia "tuna ya zoezi moja na nusu na mock ni mwezi wa saba" anatafuta kalamu.

#5 Kiti cha Nyuma

Mama Titresheni umeongea hadi nimetamani kurudi kidato cha tatu. Sisi zile dawa za kuonyesha rangi kwenye titresheni, MO na POP, tulikuwa tunazijua kwa rangi tu, nyingine zote "ile nyeupe".

#6 Mzee wa Bureti

Nimekuwa fundi sanifu maabara miaka 31, nimestaafu, sasa nafuga kuku. Nimesoma post ya kwanza nikaweka chini ndoo ya pumba.

Mwalimu, yule kijana wa kidato cha sita alikuwa anafanya nini humo? Stoo yenye vitu 11 visivyo na lebo na mtoto wa watu anasoma majina? Hata kama likizo imeanza na yeye kabaki bwenini, asirudi tena.

Wenzangu wameanza na kalamu na mzani. Mimi ningeanza na macho. Siku ya kwanza hugusi kitu. Fungua madirisha, simama mlangoni dakika kumi hewa ibadilike, vaa miwani, ingia na tochi, mikono nyuma kama mzee anakagua shamba la jirani. Unatafuta kutu kwenye vifuniko, unga uliofumuka kwenye shingo za chupa, chupa iliyovimba, rafu iliyoliwa na asidi, doa chini. Sodiamu angalia mafuta ya taa yanayoifunika yamefika wapi. Kama kuna potasiamu na imeota ganda la njano, usiikate wala kuikwangua. Etha ya zamani kama iko, usiifungue. Na ukiona chupa yoyote yenye fuwele za njano kavu kwenye kifuniko, niambie kabla hujafanya lolote.

Hiyo alfabeti unayoisifia ndiyo itakayokuja kukuumiza. Asidi ya nitriki inakaa bega kwa bega na nitrobenzini kwa sababu herufi zimekubaliana. Sodiamu yenyewe, metali inayolipuka kwenye maji, inakaa karibu na myeyusho wa sodiamu hiki na sodiamu kile. Herufi hazijui kemia.

#7 Kopo Jeupe

Shikamoo Mzee. Kijana simwingizi tena, nimekosa.

Leo nimeingia na mwalimu wa biolojia kama shahidi. Nimefuata ulivyosema, mikono nyuma. Haya tuliyoyaona.

Kuna chupa ya maji ya kunywa, ile ya plastiki ya lita moja na nusu, imejaa kitu cheupe kama maji, ubavuni pameandikwa kwa kalamu ya wino "HCl dil", yaani asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, na herufi ya mwisho imefutika. Ilikuwa kwenye rafu ya chini kabisa, usawa wa mkono wa mtu aliyechuchumaa mwenye kiu.

Kuna chupa ndogo ya kahawia nyuma ya mlango. Mwenzangu aliisukuma kidogo kwa kidole apate kusoma, haikusogea. Tukadhani imegandia rafuni. Kumbe ni zebaki. Nusu chupa ya mililita 250 tu, lakini kwa uzito wa gramu 13.6 kwa kila mililita inakaribia kilo 1.7, na rafu imepinda chini yake.

Spiriti kwenye leja ni lita 5. Rafuni ipo robo lita.

Asidi asetiki kali niliiona jana nikaiandika "imeharibika", imekuwa kama barafu ndani ya chupa. Leo saa nane mchana imekuwa maji tena! Nimekaa nikacheka peke yangu. Inaganda chini ya nyuzi 16.6 na humu stoo asubuhi za Juni unaona pumzi yako. Nusura nifute chupa nzima nzima kwa sababu ya baridi.

Na Mzee, hiyo ya njano ipo. Rafu ya juu kabisa, kona ya biolojia ya zamani. Lebo imepauka, ya kampuni ya BDH, Poole, Uingereza. Nimesoma "Picric". Ndani inaonekana kavu, na kwenye shingo chini ya kifuniko kuna vumbi la njano.

#8 Mzee wa Bureti

Tokeni. Fungeni mlango. Msiiguse, msiisogeze, msifute vumbi, msijaribu kuona kama kifuniko kinalegea. Hasa hicho kifuniko, kama ni cha chuma ndiyo mbaya zaidi.

Hiyo ni asidi ya pikriki. Ikiwa imelowa maji vizuri ni dawa ya kupakia rangi vipande vya biolojia, haina neno. Ikikauka ni ndugu wa damu wa TNT, na zile punje kwenye nyuzi za kifuniko zinaweza kuwashwa na msuguano wa kufungua tu. Vita vya Kwanza walikuwa wanaijaza kwenye mabomu ya mizinga. Desemba 6, 1917 meli ya Mont-Blanc iliungua bandarini Halifax, Kanada, shehena yake pikriki na TNT, mji ukafagiliwa na watu zaidi ya 1,700 wakafa. Kwako ni kachupa, mji hauendi popote, lakini mikono na macho yako ni viwili viwili.

Hesabu imesimama hapo. Mwambie mkuu wa shule leo, usingoje kesho.

#9 Kiti cha Nyuma

Duh. Kumbe uzi una bomu ndani.

Lakini mkuu, kwa ushauri wa kienyeji, si usiku unaichukua taratibu unaitumbukiza shimo la choo? Na zile 11 zisizo na lebo pamoja. Asubuhi stoo safi, leja safi.

#10 Mama Titresheni

Kiti cha Nyuma, tafadhali. Unaichukuaje "taratibu" kitu ambacho kimeambiwa kisisogezwe?

Na hata hizo 11. Nilipofika shule yangu niliambiwa mtangulizi alimwaga "vilivyochakaa" shimoni. Shimo liko mita chache juu ya kisima tunachochota maji ya jikoni. Sijui alimwaga nini, na ndilo linaloniuma, kwa sababu hakuandika. Zebaki ikiingia humo hairudi. Dikromati hairudi. Ukichanganya vitu usivyovijua kwenye shimo moja unaweza kupandishiwa gesi usoni ukiwa umeinama. Visivyo na lebo vinawekwa kando kwenye trei, kila kimoja kinapewa namba, kinaandikwa rangi, hali na uzito, na neno "haijulikani". Haijulikani nayo ni taarifa.

#11 Kiti cha Nyuma

Nimeelewa dada, samahani. Na spiriti lita 4 na robo tatu nazo ziandikwe "haijulikani"? 😂

#12 Kalamu Nyekundu

Spiriti ndiyo ya kwanza mkaguzi kuulizia, popote. Inaruka yenyewe kifuniko kikilegea, inaungua kwenye taa za spiriti, na ndiyo, huwa inanywewa na watu wasiojua kuwa ndani kuna methanoli inayopofua. Bila daftari la kutolea huwezi kusema ni ipi kati ya hizo tatu. Kopo Jeupe, umeona daftari la kutolea popote? Au kuna leja ya kupokelea tu?

#13 Kopo Jeupe

Ya kupokelea tu mkuu. Vitu viliingia kwa maandishi, vikatoka kwa mdomo.

#14 Mwalimu wa Kilifi

Hamjambo wenzangu. Nawasoma kutoka pwani ya Kenya. Sisi tuna fomu za serikali, kitu kikiingia ni S13, kikitoka ni S11, na fundi wa maabara hakupi hata kibiriti bila S11. Inachosha, wallahi, lakini wakaguzi wakija hatutoi jasho.

Shida yetu ni ile barua ya siri ya KNEC, baraza letu la mitihani, inayotaja kemikali za mtihani wa vitendo. Ikifika, kila mtu anakumbuka stoo. Mwaka mzima hakuna anayeuliza, halafu wiki moja maduka ya kemikali Mombasa yanajaa walimu.

Na hewa ya huku si ya kwenu ya kuganda. Kloridi ya kalisi ukiacha kifuniko hakijakaza unaikuta supu. Kloridi ya feri vilevile. Haidroksaidi ya sodiamu inanyonya unyevu kopo linaongeza uzito, kwa hiyo Mama Titresheni, mzani wako huku unaweza kukudanganya, utaona "imeongezeka" kumbe ni maji. Mimi huandika kando "imeshikana" na siitumii kutayarisha myeyusho wa mtihani. Amonia kali nayo Januari siifungui mchana. Naiweka kwenye maji baridi kwanza, nafungulia nje, uso pembeni.

#15 Mama Titresheni

Hilo la uzito kuongezeka sikulifikiria, asante mwalimu. Kwetu tatizo ni salfeti ya feri, inaingia ya kijani baada ya mwaka ni ya kahawia, uzito uleule, haifai. Nitaongeza neno la hali kwenye safu.

#16 Kopo Jeupe

Mrejesho.

Mkuu wa shule nilimkuta anatia chumvi kwenye yai. Nilipomweleza ile ya njano akaliacha yai. Chumba kimefungwa kufuli mbili, tumeandika mlangoni "USIINGIE", na hata mwenye kufagia korido ameambiwa aishie ngazini. Mwalimu wa biolojia kaapa hajawahi kuitumia.

Nikampigia simu aliyenikabidhi. Muungwana kabisa, hakukasirika. Akasema, "Hiyo ya njano na mimi niliikuta." Akanipa namba ya aliyemkabidhi. Naye akasema aliikuta. Wa tatu nyuma yao ni mzee yuko kijijini, hasikii vizuri, mkewe akamrudishia swali kwa sauti, nikamsikia anajibu kwa mbali: "Ile ya juu? Tuliambiwa tusiishike." Basi kila mmoja aliiona, kila mmoja hakuishika, na kila mmoja alisaini leja isiyokuwa nayo.

Barua kwa mkurugenzi naanzaje?

#17 Kalamu Nyekundu

Fupi. Umekuta nini, kiko wapi, umechukua hatua gani, unaomba nini. Nakala kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, wana ofisi ya kanda Mbeya, na kemikali ziko chini yao kwa ile Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003. Piga simu kwanza, barua ifuate, usisubiri posta kwa jambo la pikriki. Zebaki, benzini na kaboni tetrakloraidi kama zipo, na zile 11 ziweke barua hiyohiyo kama orodha ya pili, ya vitu vya kuteketezwa kwa utaratibu. Taka za sumu zinawahusu wasimamizi wa mazingira wa taifa pia.

Na kumbuka, kufuta mali kwenye leja si kazi yako wala ya mkuu wa shule. Nyinyi mnaomba, wenye mamlaka wanafuta. Mpaka kibali kije vitu vinabaki kwenye orodha vikiwa na neno "havitumiki".

#18 Mzee wa Bureti

Na alfabeti?

#19 Kopo Jeupe

Alfabeti imebaki kwenye daftari, Mzee. Rafuni tutatenganisha chumba kikiruhusiwa kufunguliwa: asidi chini kwenye beseni, nitriki peke yake, vinavyowaka moto kabati la chuma, vinavyochochea moto ukuta wa pili, sumu kwenye kabati la kufuli, zile chumvi za kawaida ndiyo zikae A mpaka Z zikipenda.

Kwa Mbeya nimepiga, wamenisikiliza vizuri, wamesema chumba kisifunguliwe mpaka waje, wamenipa siku. Fomu nimesaini ikiwa na kurasa nne nyuma yake: 37 zimeonekana, 9 hazikuonekana, 36 nje ya leja. Mkuu wa shule kagonga mhuri kila ukurasa, akauliza kama yai limeshapoa.

Daftari la kutolea nimeanza jipya leo, la mistari, shilingi elfu tatu dukani. Ukurasa wa kwanza ni thayosalfeti. Mama Titresheni, nimepiga hesabu yako kwa watahiniwa wangu 112, kwa kipimo chako hichohicho. Nahitaji gramu 833, na makopo mawili yaliyobaki yana jumla ya gramu 310. Mock ni baada ya wiki tano. Kuna mwenye ya kuazimana huko Njombe au Iringa?

#20 Mama Titresheni

Njoo PM. Ila utasaini.